DEGEDEGE, NYUNI NA UGANGA WA KWETU

Ukikaa na vijana wa siku hizi hukosi kusikia habari za katuni za Kijapani. Likizoni watu hukusanyika kwenye simu moja, vichwa vimebanana, wakitazama wachawi wanaorusha moto na waganga wanaofumba vidonda kwa mwanga wa mikono. Mimi pia nimetazama. Iko moja iliyotoka mapema mwaka wa 2024, yenye vipindi 13, ya kijana wa shule aitwaye Usato ambaye hunyakuliwa hadi nchi ya kichawi na kugunduliwa kuwa ana uchawi wa kuponya. Nitaitaja tena baadaye kidogo, kwa sababu ina jambo moja ambalo wengi waliotazama wamelipita mbio. Lakini kwanza nauliza: kwani ni lazima twende Japani kutafuta hadithi za uchawi na uponyaji? Sisi tuliozaliwa Ukunda, Diani na Msambweni tunazo mlangoni, na zetu hazina kitufe cha kuzimia.

Nimeazimia kueleza ugonjwa mmoja tu, nao ni degedege. Nimeuchagua huo kwa sababu hapo ndipo uganga na hospitali hukutana uso kwa uso, na anayesubiri matokeo ni mtoto mdogo.

Hebu tuweke maneno sawa. Kuna watu hulichanganya neno mganga na neno mchawi, kosa ambalo hata wazungu walilifanya. Mchawi, ambaye kwa Kidigo ni mtsai, hudhaniwa kuroga. Mganga hutafutwa ili aliyerogwa apone. Wakoloni walipotunga Sheria ya Uchawi mwaka wa 1925 walitaka kumkamata yeyote anayetisha watu kwa kujidai ana nguvu hizo, na vilevile anayemsingizia mwenzake uchawi. Waganga wengi wa mitishamba walijikuta wakitazamwa kwa jicho lilelile la kuwatazama wachawi. Na waganga wenyewe si wa aina moja. Yuko wa mburuga, ambaye kazi yake ni kutazamia: huambia mtu ugonjwa umetoka wapi, pengine kabla hajaambiwa mgonjwa anaumwa nini. Yuko anayejua mizizi na majani. Yuko wa pepo. Na wako walimu wa kitabu, ambao huandika kombe na hirizi, maana Wadigo wengi ni Waislamu. Mtu mmoja aweza kuzijua kazi mbili au tatu, lakini ukimpeleka mtoto kwa asiyehusika utaambiwa tu, "Hapa si pake."

Sasa degedege. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ameshinda na homa. Usiku, ghafla, macho yanageuka juu, meno yanakazana, mikono na miguu inatetemeka, povu linatoka. Aliyeona mara moja hasahau. Neno lenyewe linatupeleka kwa ndege. Wazee husema kuna ndege wa usiku, au pepo mwenye umbo la ndege, ambaye akipita juu ya nyumba kivuli chake humwangukia mtoto na kumkamata. Wengine humwita nyuni, neno la zamani lenye maana ya ndege. Ndugu zetu wa Kilifi husema ni nyama wa dzulu, yaani mnyama wa juu. Msomaji, usicheke. Mtazame mtoto anayepatwa: mikono inapigapiga kama mabawa, shingo imepinda nyuma, macho yako angani. Waliotoa jina hilo walikuwa wakitazama kwa makini sana, tena bila taa ya umeme.

Tiba nayo ina hatua zake, kama vile katuni ilivyo na vipindi vyake. Kwanza ni moshi. Mtoto hufunikwa nguo na kufukizwa. Huko Bagamoyo, ambako ni pwani ileile moja, watafiti walioandika habari za degedege mwaka wa 1996 walikuta hata mavi ya ndovu yakichomwa kwa kazi hii. Baada ya moshi kuna vuo, maji yenye majani yaliyopondwa, ambayo mtoto huogeshwa. Kisha ni kumfunga kitu shingoni, mkononi au kiunoni ili ndege asirudi. Na katikati ya hayo yote kuna katazo moja linalonitia hofu kuliko mengine: wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa papo hapo. Kwa hiyo sindano ikawa ndiyo adui, na hospitali ikawa mahali pa kwenda mwisho, mambo yakishaharibika. Mtoto aliyechelewa anafika, anadungwa, anafariki, na watu wanarudi nyumbani wakisema, "Si tuliwaambia?"

Tugeuze upande wa pili tuone kinachotendeka mwilini.

Mara nyingi katika sehemu zetu homa hiyo ni malaria. Mbu akishauma, vijidudu vya malaria huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu. Aina iliyo kali zaidi, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika, ina tabia mbaya: chembe zilizoingiliwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Zikinata katika mishipa ya ubongo, damu haipiti vizuri. Sukari ya mwili nayo hushuka. Mtoto huanza kutetemeka, na baadaye huenda akazimia asiamke. Malaria ikishafika ubongoni, hata kwa watoto wanaotibiwa hospitalini hufariki kama 15 hadi 20 katika kila 100. Wasiotibiwa karibu wote hufariki. Wengine hupona wakabaki na kifafa au uzito wa kujifunza. Si degedege zote ni malaria, lazima niseme. Homa yoyote kali inaweza kumtetemesha mtoto mdogo, na mara nyingi huwa haina madhara ya kudumu. Kuna pia homa ya uti wa mgongo, ambayo haina mzaha. Lakini kwa kumtazama tu, mama hawezi kujua ni ipi, na mganga pia hawezi. Hata daktari hawezi mpaka apime damu.

Hapa ndipo penye fumbo lote, na naomba msomaji anisikilize vizuri. Mitetemeko ya degedege, mara nyingi, hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Sasa fikiria: mtoto ameanza kutetemeka, nyumba nzima imeamka, mganga ameitwa au mtoto amebebwa mbio hadi kwake, moshi umewashwa. Dakika zimepita. Mtoto anatulia. Nani kamtuliza? Kila aliye pale ataapa kwamba ni moshi. Nami ningeapa! Mganga hakudanganya mtu, yeye pia ameona kwa macho yake, tena si mara moja bali maisha yake yote. Ila vijidudu havijatoka. Vimo mle mle vinaendelea kunata. Utulivu ule ambao nyumba nzima inaushukuru ndio wakati unaopotea. Pengine saa tatu baadaye, alfajiri, mtoto atashikwa tena, na safari hii hatalia.

Nimeyaona haya mtaani kwetu. Mtoto wa jirani alishikwa magharibi, na mama yake pamoja na shangazi yake wakamkimbiza kwa bibi mmoja mjuzi wa nyuni. Mimi nilitumwa kubeba kurunzi, kwa hiyo nilisimama mlangoni. Bibi alimfunua mtoto, akamgusa paji, akamwita jina mara tatu. Hakuitika. Akamfinya kidole cha mguu. Hakuuvuta. Nilidhani ataagiza moto.

"Mwanangu," akamwambia yule mama, "ameanza lini?"

"Jana homa, bibi. Kutetemeka ni leo, jua likizama."

"Na amekunywa?"

"Tangu asubuhi hakunywa kitu."

"Basi huyu si wangu. Mpelekeni Msambweni saa hii. Yangu yatangoja."

Shangazi alitaka kubisha, akasema habari ya sindano. Bibi akamjibu kwa ukali, "Sindano haiui. Kuchelewa kwaua." Akajifunga leso akatoka naye barabarani kusimamisha pikipiki. Kutoka Ukunda hadi hospitali ya Msambweni ni zaidi ya kilomita 20 kwa ile barabara ya Likoni hadi Lungalunga, na usiku usafiri hupungua. Mtoto yule alilazwa siku sita. Yu hai, na mwaka huu ameingia chekechea.

Sasa ile katuni. Wengi wetu tulishangilia vita na yule jitu mwenye silaha nyeusi. Lakini mwalimu wa Usato, mwanamke mkali aitwaye Rose, hakumfundisha kijana huyo kuongeza mwanga mikononi. Alimfundisha kukimbia. Siku nzima ni mbio, kubeba mizigo, kulala hoi, na kuamka kukimbia tena. Kwa nini? Kwa sababu Rose alikwisha kupoteza askari wake vitani, akajua kwamba uponyaji ulio mbali ni sawa na kutokuwapo. Kikosi chake kazi yake ni kuingia katikati ya vita, kumnyanyua aliyejeruhiwa na kutoka naye mbio. Mimi nilipoona hayo nikamkumbuka bibi yule na leso yake kiunoni. Katika usiku ule wote, jambo kubwa la uganga alilolifanya ni kusimamisha pikipiki.

Nisije nikaeleweka vibaya lakini. Si shabaha yangu kusema uganga ni upuuzi, la hasha. Kuna kazi uganga unaifanya ambayo hospitali haina hata chumba chake. Chukua ngoma ya pepo, ile ambayo huku kwetu huitwa kayamba kwa sababu ya ala zinazopigwa, zile bapa za matete zenye mbegu ndani. Mgonjwa, mara nyingi mama wa nyumba, amekonda, halali, hali, kichwa kinamgonga, na vipimo havionyeshi kitu. Usiku kucha kayamba hulia, nyimbo hubadilishwa mpaka pepo ajulikane kabila lake, apande, aseme anataka nini. Naye husema! Anataka leso mpya, anataka marashi, anataka kuheshimiwa. Mtafiti mmoja Mwingereza, Roger Gomm, aliyeishi na Wadigo wa pwani yetu ya kusini, aliandika mwaka wa 1975 kwamba hiyo ni njia ya mwanamke asiye na nguvu nyumbani kudai haki yake mbele ya mume na jamaa. Mume aliyemnyima mkewe leso miaka mitatu hawezi kumnyima pepo. Mama mmoja mtu mzima niliyemsomea maneno hayo alicheka sana, akasema, "Kwani ilibidi aje mzungu kuyajua hayo?" Hata hivyo hakukubali kwamba pepo hayupo.

Kombe nalo ni hivyo hivyo. Mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, huiosha kwa maji na marashi, mgonjwa hunywa. Nimekunywa kombe mara mbili, na mara zote mbili nililala usingizi mzuri. Mtu mwenye hofu ya mtihani au aliyefiwa anapata utulivu, na utulivu ni dawa. Lakini utulivu hauui vijidudu vya malaria. Ni kama kumpa nahodha dua njema ilhali jahazi linaingia maji: dua iombwe, na maji yachotwe.

Upande wa mizizi na majani ndio wenye utajiri kuliko tunavyodhani. Nenda Kaya Kinondo, hapo mbele kidogo ya Diani. Utavishwa kaniki nyeusi, utaambiwa usiokote hata jani kavu, na mwongozaji atakuonyesha mti huu wa tumbo, ule wa mgongo, ule wa wajawazito. Msitu ni kama hekta 30 tu, lakini katazo la wazee limeutunza wakati mahoteli yalipokuwa yakimeza pwani. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa hifadhi za kitaifa mwaka wa 1992, na mwaka wa 2008 Kinondo ikaingia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. (Mwarobaini, ambao kila mmoja wetu anadhani ni mti wa babu zetu, asili yake ni Bara Hindi. Jina tu ndilo letu, kwa kuwa ati hutibu maradhi arobaini.)

Na hapa kuna kitu nilichokigundua nikisoma, kikanifanya nisimame. Ile sindano iliyoogopwa siku hizi huwa ni ya dawa iitwayo artesunate. Imetoka wapi? Kwenye majani! Huko Uchina kulikuwa na mmea wa qinghao, uliotumiwa na waganga wao kwa homa. Mwanasayansi Tu Youyou alikuwa akiuchemsha, nguvu yake ikawa haionekani sawasawa. Akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, akakuta kimeelekeza majani yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa, si kuchemshwa. Kumbe moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Mwaka wa 1971 akaitoa bila joto kali, ikaua vijidudu, na mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2010, wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ambapo hospitali ya Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo, ulionyesha kwamba waliopewa kwinini walifariki 10.9 kwa kila 100, na waliopewa artesunate 8.5. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ndogo. Kwa mama mwenye mtoto wodini si ndogo hata kidogo.

Kwa hiyo mtu akiniambia hospitali ni uzungu, mimi humwambia kwamba sindano ile ni uganga wa majani uliokubali kupimwa. Nani ajuaye kilichomo Kinondo ambacho bado hakijapimwa? Wenye kujua ni wazee wachache, na vijana wao wamekwenda kuendesha tuktuk.

Uganga usiokubali kupimwa nao tumeuona. Mwaka wa 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yule Babu wa Loliondo, alikuwa akiuza kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania kijijini Samunge, akisema Mungu amemwonyesha ndotoni kuwa kinatibu maradhi sugu, UKIMWI ukiwemo. Magari yalipangana foleni ya kilomita nyingi, mengine ya kutoka Kenya. Wagonjwa waliokuwa hoi walifia njiani na kwenye foleni kabla ya kuonja. Wengine waliacha vidonge vyao. Mzee mwenyewe alifariki mwaka wa 2021. Simwiti tapeli, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo kuliko soda mbili. Nasema tu kwamba foleni ile ilikula siku za watu, na mgonjwa ana siku za kuhesabu.

Malaria imepungua pwani ukilinganisha na miaka ya 1990, kwa ajili ya vyandarua na dawa bora, ila haijatuhama. Ndiyo sababu nataka mambo machache yajulikane na kila mwenye mdogo wake nyumbani. Degedege ikimshika mtoto, mlaze ubavu, kichwa kiwe upande ili matapishi yatoke. Usimtie kijiko kinywani, usimshike kwa nguvu, usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Tazama saa. Ikipita dakika 5, au asipoamka baada ya kutulia, huo ni mwito wa hatari. Lakini hata akitulia na akaamka, nendeni akapimwe damu usiku uleule. Kituo cha karibu kikiwa na dawa ya kutiwa kwa njia ya haja kubwa, mtoto aliye chini ya miaka 6 anaweza kuanzishwa nayo kisha apelekwe hospitali kubwa. Hirizi haina haja ya kukatwa, aende nayo.

Na mkifika, mwambieni muuguzi yote: homa ilianza lini, kutetemeka kulianza saa ngapi, amekunywa nini. Hapo watu wengi huona haya wakaficha habari ya vuo na dawa za mizizi wakiogopa kukemewa. Msifiche. Ziko dawa za mizizi zinazogusa ini na figo, na daktari asiyeambiwa atakisia. Kama kuna majani yaliyobaki, yatieni kwenye karatasi mwende nayo.